Likijaa, au Saa Ikifika

Mwenyekiti, ndugu wasafiri, na ninyi mnaoingia sasa hivi mkitafuta viti huko nyuma, karibuni. Msione haya. Mkutano wa watu wa usafiri ukianza kwa wakati, watu huanza kuulizana kuna nini.

Mada niliyopewa inasema: aina mbalimbali za usafiri wa umma anaoweza kuutumia msafiri. Juzi usiku nilikaa mezani nikaanza kuziorodhesha. Basi, treni, tramu, feri, teksi ya kuchangia. Nilipofika ya kumi na saba nikaikunja karatasi nikaitupa. Niliona nawaandalia kitu ambacho kila mmoja wenu angekipata kwa kuchungulia dirishani. Msafiri aliyeshuka katika mji asioujua saa tano usiku, begi mkononi, simu imebaki na chaji asilimia nne, hana haja ya kuambiwa kwamba tramu hupita juu ya reli. Ana swali moja tu kwa chombo kilichosimama mbele yake: kinaondoka lini?

Kwa miaka yote niliyozunguka nimekuta majibu mawili. Kinaondoka kikijaa, au kinaondoka saa ikifika. Magurudumu, reli, kamba na maji ni mambo ya mafundi. Kwa abiria tofauti kubwa ni hiyo, na ndiyo nitakayoizungumza leo. Vyombo vyenyewe vitajitokeza humo humo njiani, na vingine nitavipita bila kusimama.

Tuanze na Mfaransa mmoja. Mliosoma fizikia mnalikumbuka jina la Blaise Pascal kwa kile kipimo cha kanieneo. Wachache wanajua kwamba kazi mojawapo ya mwisho ya maisha yake ilikuwa ya usafiri. Machi 1662, miezi mitano kabla hajafariki, yeye na wenzake wenye fedha walianzisha mjini Paris magari ya farasi yenye nafasi ya watu wanane. Magari ya kukodi yalikuwapo tangu zamani. Mwenye nazo alikodi gari zima akaenda atakako. Kilichokuwa kipya ni masharti. Gari lipite njia ileile kila siku. Kila abiria alipie kiti chake tu, soli tano, sarafu za Ufaransa za siku hizo. Na sharti la tatu, ambalo kila nikilisoma huwa natua kidogo: gari liondoke kwa saa zilizopangwa, hata kama waliomo ni wachache, na hata kama hamna mtu ndani.

Hata kama hamna mtu ndani! Mfikirieni mwenye gari wa siku hizo akisikia maneno hayo. Farasi wanakula, dereva anadai ujira, halafu unamwambia aondoke na viti vitupu. Lakini mtu anayesubiri katikati ya njia atapanda wapi, ikiwa gari limejaa tangu kituo cha kwanza? Na atatokaje nyumbani, ikiwa hajui litapita saa ngapi? Kwa maoni yangu, lile sharti la tatu ndilo lililozaa usafiri wa umma. Mengine yote yamekuja baadaye, injini ikiwa mojawapo.

Mradi ule haukuwa wa kila mtu, lakini. Mahakama kuu ya Paris iliuidhinisha kwa sharti lake yenyewe: askari, watumishi wa majumbani na vibarua wasipande. Baadaye ukafa, na wazo likalala zaidi ya miaka mia moja. Liliamka katika mji wa Nantes, hukohuko Ufaransa, mwaka 1826. Bwana Stanislas Baudry alikuwa na nyumba ya kuogea maji moto nje ya mji, akaweka magari ya kuwaleta wateja. Akagundua kwamba watu wanapanda gari lake na kushukia njiani, wala hawaendi kuoga. Mfanyabiashara mwingine angekasirika. Yeye aliliacha bafu akashika magari, na magari yale yakaitwa omnibus, neno la Kilatini lenye maana ya "kwa wote". Waingereza wakalikata kichwa, ikabaki "bus", ambayo kwa Kilatini ni mkia tu, haina maana ikisimama peke yake. Nasi tukaupokea mkia huo tukasema basi. Bahati nzuri tulikuwa tayari na "basi" nyingine, ile ya kusema imetosha. Ndiyo maana mtu aliyesimama kituoni saa nzima akitamka "basi", huwezi kujua kama amelion​a au amekata tamaa.

Hayo maneno "kwa wote" yamedaiwa kwa nguvu mara nyingi. Tarehe 1 Desemba 1955, mjini Montgomery, jimbo la Alabama nchini Marekani, fundi wa kushona aitwaye Rosa Parks alikataa kumpisha Mzungu kiti ndani ya basi, akakamatwa. Watu weusi wa mji ule waliyasusia mabasi kwa siku 381. Wengi huisimulia habari hii kama habari ya kiti. Mimi napenda kutazama upande mwingine: wale watu walifikaje kazini kwa siku 381? Wengine walitembea. Lakini pia walikusanya magari binafsi, wakayapangia vituo vya kuchukulia watu asubuhi na kuwarudishia jioni, na ndani ya majuma machache wakawa na mtandao mzima wa usafiri wa kwao wenyewe, huku mabasi ya kampuni yakipita na viti vitupu. Mjue basi kwamba kiti kitupu nacho kinaweza kusema.

Sasa upande wa pili, wa gari linalosubiri kujaa. Waturuki wana teksi ya kuchangia waiitayo dolmuş, na maana ya neno ni hiyohiyo tu: lililojaa. Ufilipino kuna jeepney, zilizoanza kuundwa kwa magari ya jeep ambayo jeshi la Marekani liliyaacha baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Yalirefushwa nyuma, yakawekwa mabenchi mawili yanayotazamana. Ukikaa mwisho kabisa, nauli yako inapita kwenye viganja vya watu sita au saba mpaka imfikie dereva, na chenji inarudi kwa njia ileile, wote wakiendelea na mazungumzo yao kana kwamba mikono si yao.

Nimewahi kukaa nikahesabu magari ya namna hii yaliyopata jina kutokana na hela. Marekani kulikuwa na jitney kuanzia mwaka 1914, na jitney mtaani lilikuwa jina la sarafu ya senti tano. Ghana wana tro-tro, kutokana na neno la lugha ya Ga, ya hukohuko Ghana, lenye maana ya peni tatu. Matatu, husemwa, ni zile sarafu tatu za senti kumi, na daladala ni "dala", sarafu ya shilingi tano. Hata Pascal, pamoja na ratiba yake yote, watu wa Paris waliyaita magari yake ya soli tano. Watu hukipa chombo jina la kile kilichowashangaza siku ya kwanza, na kilichowashangaza ni kwamba mtu wa kawaida anaweza kulipa.

Mnisamehe nikisema ninavyoona. Kuna wataalamu wanaoyazungumzia magari haya kama ugonjwa wa mji. Mimi siyadharau. Yanafika mtaa ambao hakuna shirika limewahi kuuchora kwenye ramani, yanasimama mlangoni kwako, na hayamwombi mlipa kodi senti. Ila tusidanganyane kuhusu bei yake. Kiti kitupu lazima kilipiwe na mtu. Penye ratiba, kinalipiwa na mfuko wa mji au wa serikali. Pasipo na mfuko huo, anayelipa ni abiria wa kwanza kuingia, na analipa kwa muda wake. Wa mwisho kuingia hulipa nauli peke yake, halafu bado anabanwa kwenye kile kiti cha kukunja.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa msafiri ni huu: usikimbilie gari lenye watu wawili. Na hata ukiona watu tisa, wachunguze. Niliwahi kukaa karibu na bwana mmoja mstaarabu, suruali imepigwa pasi, aliyeniambia anakwenda kwenye msiba wa shangazi yake. Nikampa pole. Tukazungumza dakika arobaini juu ya marehemu, mpaka nikaanza kumpenda yule mama. Kumbe kila akiingia abiria wa kweli, mmoja wa wale tuliokuwa nao anashuka kimyakimya. Zamu ya jirani yangu ilipofika, aliniaga kwa adabu, akashuka, akaingia kwenye gari lililokuwa nyuma yetu. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia akianza upya, na shangazi akafariki mara ya pili.

Hivyo abiria wa kweli wana dalili: wana mizigo, wanaangalia saa, wananung'unika. Anayesubiri kwa furaha, kuwa na wasiwasi naye.

Sasa turudi kwenye saa. Huku nako kuna ngazi, na ngazi hizi msafiri azijue kwa hesabu ndogo. Ukifika kituoni bila kupanga, kwa wastani utasubiri nusu ya muda uliopo kati ya gari moja na jingine. Kama linapita kila baada ya saa moja, wastani wako ni nusu saa. Kama ni kila dakika kumi, ni dakika tano, na hapo watu huacha kabisa kutazama ratiba. Wanatoka tu nyumbani. Ndiyo sababu mimi nikitafuta pa kulala ugenini sijali sana kama nyumba iko mita mia mbili au mia sita kutoka kituoni. Nausoma ubao wa kituo. Gari hupita mara ngapi, na la mwisho ni saa ngapi? Nyumba iliyo karibu na kituo cha gari linalopita mara nne kwa siku iko mbali sana, niaminini.

Mji uliowafundisha wengi jambo hili ni Curitiba, huko Brazili. Mwaka 1974, meya wake akiwa Jaime Lerner, msanifu majengo, Curitiba ilianza kuyapa mabasi njia zao wenyewe katikati ya barabara. Reli za chini ya ardhi zilikuwa ghali mno. Lakini njia peke yake haikutosha, kwa sababu muda mwingi wa basi hauliwi barabarani. Unaliwa mlangoni. Mmoja anatafuta sarafu, mwingine anauliza kama linapita sokoni, mwingine anapandisha begi ngazi ya tatu. Mwaka 1991 wakaleta vituo vyenye umbo la bomba la kioo: unalipa ukiingia bombani, sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi, milango inafunguka yote kwa pamoja. Mama mwenye kigari cha mtoto na mzee wa kiti cha magurudumu wanaingia kwa kasi ileile ya kijana. Bogotá ilifuata mwaka 2000, Lagos mwaka 2008, Dar es Salaam mwaka 2016, na Kiswahili kikapata neno zuri kabisa: mwendokasi. Tazameni lakini kilichofanyika. Basi halikuongezwa kasi hata kidogo. Walichokata ni kusubiri.

Treni ndiyo bingwa wa saa, tena ndiyo iliyotulazimisha tuwe na saa moja. Kabla ya reli kila mji ulifuata jua lake. Bristol ilikuwa nyuma ya London kwa dakika kumi hivi, na hakuna aliyejali, maana kwa farasi dakika kumi si kitu. Reli zilipofika, dakika kumi zikawa tofauti ya kupanda na kuachwa. Mwaka 1847 kampuni nyingi za reli za Uingereza zikakubaliana kufuata saa ya Greenwich. Sheria ya nchi ikaja kuwafuata mwaka 1880. Urusi walikwenda mbali zaidi. Njia ya Moscow hadi Vladivostok ina kilomita 9,289, ni karibu juma zima ndani ya behewa, na mpaka mwaka 2018 tiketi za safari ndefu ziliandikwa kwa saa ya Moscow, popote ulipo. Ungeweza kusimama Vladivostok asubuhi kweupe, na tiketi ikakwambia ni usiku.

Hapa niwape kisa changu, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nilinunua tiketi ya treni ya usiku katika nchi ya watu. Imeandikwa tarehe 15, 00:10. Nikapanga vizuri: tarehe 15 nitatembea mchana kutwa, jioni nile, usiku niende stesheni. Nilifika saa tano na nusu usiku, najisifu kwa kuwahi. Mama wa dirishani akaitazama tiketi, akanitazama mimi, akachukua kipande cha karatasi akaandika 15, halafu 00:10, halafu akachora mshale mrefu unaorudi nyuma. Treni yangu ilikuwa imeondoka saa ishirini na tatu na dakika ishirini zilizopita. Nililala kwenye benchi la chuma lililowekwa vyuma vya kugawa viti ili mtu asilale.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ilikuwa mdomoni mwangu. Kiswahili kina maneno "usiku wa kuamkia". Sisi tunaohesabu saa tangu jua linapochomoza hatuwezi kukosea tukisema treni inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 15. Kila mtu anajua ni usiku upi. Tangu hapo, kila tiketi inayovuka saa sita usiku naigeuza nyuma na kuiandika upya kwa kalamu. 19:00, naandika saa moja usiku. 00:10, naandika usiku wa kuamkia tarehe fulani, saa sita na dakika kumi. Wenzangu hunicheka. Sijalala tena benchini.

Watu husifu treni kwa mbio. Wajapani walifungua Shinkansen, njia ya treni zao za kasi, kati ya Tokyo na Osaka tarehe 1 Oktoba 1964, ikikimbia kilomita 210 kwa saa, na sasa ziko zinazozidi 300. Sawa. Lakini anayetaka kujua siri yake asitazame njiani, atazame jukwaani pale Tokyo. Treni inasimama takriban dakika kumi na mbili kabla ya kugeuza. Ukiondoa muda wa watu kushuka na kupanda, wasafishaji wanabaki na dakika saba. Wamesimama tayari mstari mmoja, milango ikiachwa wazi wanaingia, kila mmoja na behewa lake. Takataka, meza, sakafu, vitambaa vya vichwani, na viti vyote vinazungushwa vitazame mbele. Dakika saba. Bila hizo dakika saba, ile kasi ya njiani ingekuwa ya kujisifia tu.

Waswisi wana hekima nyingine ninayoipenda zaidi. Tangu mwaka 1982 treni zao hupita kila saa kwa dakika ileile, ukijua moja umezijua zote. Kisha wakajiuliza treni iende kwa kasi gani kati ya Zürich na Bern. Jibu lilikuwa: chini kidogo ya saa moja, inatosha. Kwa nini? Kwa sababu treni za pande zote zinakutana stesheni kubwa kwa wakati mmoja, watu wanabadilisha, zinaondoka. Treni ikifika mapema sana, abiria wake watakaa tu jukwaani kuwasubiri wengine. Wakatengeneza njia mpya, na mwaka 2004 safari ikawa dakika 56. Msafiri anayebadilisha gari mara tatu anajua utamu wa dakika nne zilizopangwa na mtu aliyemfikiria.

Chini ya ardhi sitakaa sana. London ilianza tarehe 10 Januari 1863, kwa treni za mvuke ndani ya handaki, moshi na yote, na siku ya kwanza tu walipanda watu zaidi ya 30,000. Buenos Aires ilipata yake mwaka 1913, Tokyo 1927, Cairo 1987. Ukiwa chini huoni jua wala mnara wa kukuongoza, unategemea ramani tu, na ramani zile zinadanganya kwa makusudi. Harry Beck, mchoraji wa michoro ya umeme, ndiye aliyebuni mwaka 1931 mtindo wa kuinyoosha mistari yote na kuweka vituo kwa nafasi zinazokaribia kulingana, kama waya kwenye saketi. Ni mchoro wa ajabu kwa kubadilisha treni, na mbaya kwa kupima miguu. Vituo vya Leicester Square na Covent Garden, hukohuko London, vimeachana mita 260 hivi. Kila siku kuna wageni wanaoshuka ngazi, wanalipa, wanapanda, wanapandisha tena juu, wakati wangetembea hata soda haijaisha.

Jiji la Mexico, lilipofungua metro mwaka 1969, lilifanya jambo ambalo ningependa kila mji uige. Kila kituo kilipewa picha yake, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Chapultepec ni panzi. Coyoacán ni mbweha wa kule. Mgeni asiyejua neno moja la Kihispania anaweza kuambiwa: panda, hesabu, shukia penye panzi. Na kwa wasioona, Mjapani Seiichi Miyake alibuni vile vigae vyenye vinundu, vikatandazwa kwa mara ya kwanza Okayama mwaka 1967. Mara nyingi ni vya manjano, viko ukingoni mwa jukwaa, na watu huvikanyaga bila kujua vinasema nini. Vinasema: hapa simama.

Na milango, jamani. Ziko treni na tramu ambazo mlango haufunguki mpaka ubonyeze kitufe. Nilisimama ndani, mbele ya mlango wa namna hiyo, nimenyooka, nimeshika begi, nasubiri kama mtu mwenye haki zake. Treni ikasimama, ikapumua, ikaondoka na mimi. Viko pia vituo vya basi ambavyo usipoinua mkono dereva anapita, anakuona na anapita, maana kwa desturi ya pale mtu asiyeinua mkono anapunga upepo tu. Tazama mwenyeji anafanya nini, ufanye hivyo hivyo.

Tiketi nayo ina mtego. Penye vizuizi vya kuingilia hakuna shida, huwezi kupita bila kulipa. Hatari iko penye milango wazi. Mgeni anaona kila mtu anaingia tu, anadhani ni bure. Wakaguzi wa huko huvaa nguo za kawaida, huingia kama abiria, na mlango ukifungwa tu ndipo wanatoa vitambulisho. Kuna pia miji, Italia kwa mfano, ambapo tiketi ya karatasi uliyoinunua kihalali haijawa tiketi mpaka uigonge muhuri kwenye kijimashine. Bila muhuri ule wewe na asiyelipa ni ndugu. Ukitaka mahali pasipo na wasiwasi huo nenda Luxembourg: tangu tarehe 29 Februari 2020 mabasi, tramu na treni ni bure nchi nzima, ukiacha daraja la kwanza.

Juu ya maji nitasema moja tu: panda feri ya wafanyakazi, uachane na boti ya watalii. Ile ya Staten Island, New York, haitozi kitu tangu mwaka 1997, inapita mbele ya Sanamu ya Uhuru katika safari ya dakika 25, na wenyeji waliomo wamelala. Angani vilevile. La Paz, Bolivia, tangu mwaka 2014, vigari vya kebo vinavyoning'inia vinawapandisha watu mpaka El Alto, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, na waliomo ni wanafunzi na wachuuzi. Kigari kinapita kila baada ya sekunde kadhaa. Hakisubiri kujaa, wala hakina ratiba. Naona hicho kimekataa majibu yangu yote mawili, na nimekisamehe.

Mwenyekiti ananionyesha saa yake. Namalizia na basi moja.

Ilikuwa mwisho wa njia, nje ya mji, mvua nyembamba. La mwisho la usiku. Abiria nilikuwa mimi peke yangu. Dereva alikuwa amefika mapema kidogo, akakaa, mlango wazi, taa zote zinawaka, baridi inaingia. Nikamwambia kwa lugha ya kuokoteza: ndugu, hakuna mtu, twende. Akaonyesha kidole kwenye saa ndogo iliyo juu ya usukani, halafu akaonyesha barabara, akafanya vidole viwili kama mtu anayekimbia. Tukangoja. Akafuta kioo cha pembeni kwa mkono wa koti ili aione vizuri ile barabara. Hakutokea mtu. Saa tano na dakika arobaini ilipotimia akafunga mlango, tukaondoka, mimi na yeye na viti arobaini.

Asanteni sana. Maswali nitayapokea hapo nje, kwenye kituo.